Mlima Hauongezewi Saa

Wanangu mnaosomea urubani, uongozaji wa ndege na usimamizi wa viwanja, iko siku mtaletewa karatasi mtie sahihi: uwanja ufunguliwe mapema zaidi na ufungwe usiku zaidi. Sababu zitakuwa nzuri. Abiria wamekwama, hoteli zinangoja wageni, na ndege isiyoruka ni hasara. Kabla hamjashika kalamu, ukumbukeni uwanja wa Lukla, kule Nepal.

Uwanja huo, lango la waendao Everest, uko zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Ulijengwa mwaka 1964 chini ya usimamizi wa Edmund Hillary. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu, tena ni ya mteremko: chini genge, juu ukuta wa mlima. Ndege hutua ikipanda na kuruka ikishuka, na rubani akishaikaribia njia hana nafasi ya kughairi na kuzunguka upya. Ndiyo maana safari nyingi hufanywa asubuhi. Jua likishapasha mabonde joto, upepo huamka na mawingu hujikusanya.

Hata asubuhi yenyewe haina dhamana. Tarehe 8 Oktoba 2008, asubuhi, ndege aina ya Twin Otter ilijaribu kutua hapo katika ukungu. Watu 18 walikufa. Aliyenusurika ni rubani mkuu peke yake.

Sisemi saa zisiongezwe kamwe. Queenstown, New Zealand, nao umezungukwa na milima, na kwa miaka mingi ndege za abiria hazikutua huko gizani. Mwaka 2014 mamlaka ya usafiri wa anga iliridhia safari za baada ya machweo, lakini kwa masharti. Njia ikapanuliwa hadi mita 45, taa zikawekwa, marubani wakapewa mafunzo maalumu. Safari zenyewe zilianza mwaka 2016. Tazameni mpangilio huo: kazi ilitangulia, saa zikafuata.

Basi karatasi ile ikifika mezani, ulizeni. Taa zimewekwa? Nani atapima upepo na mawingu katika saa hizo mpya? Zimamoto watakuwepo mpaka ndege ya mwisho itue? Zamu itaongezewa watu, au wale wale waliokesha ndio watakaobaki mnarani? Uchovu uogopeni sana, kwa kuwa aliyechoka huwa wa mwisho kujua kwamba amechoka. Mkijibiwa kuwa hayo yatashughulikiwa baadaye, na sahihi yenu nayo ingoje baadaye.

Mtaitwa waoga. Anayewasukuma huenda akawa mtu mwema aliyebanwa na hesabu za mwezi, kwa hiyo msimtukane. Mjibuni kwa heshima, kwa maandishi, mkieleza kinachokosekana na kinachotakiwa kufanywa. Na mwenzenu akikataa kurusha au kupokea ndege, simameni naye siku hiyo hiyo, msingoje kumsifu baada ya msiba.

Abiria aliyelazimika kulala Kathmandu usiku mmoja zaidi atanung'unika, kisha atafika kwao. Kawia ufike, walisema waliotutangulia. Ninyi mnaokabidhiwa roho za watu, lishikeni neno hilo hata siku mtakapobaki peke yenu kulishika.