Kuridhika na Uzembe: Neno juu ya Baisikeli

Ndugu wasomaji, mara nyingi twadhani ya kuwa maswali makubwa ya maisha huja kwa vishindo, na ya kuwa mambo madogo ya kila siku hayana neno la kutufundisha. Lakini mimi nalifundishwa neno kubwa na baisikeli, nalo ndilo nitakalo kuwasimulia, ili asiye na kosa langu asilipate, na aliye nalo alitengeneze.

Mpwa wangu akaa katika kijiji kimoja kati ya Ruangwa na Nachingwea. Mwaka mmoja, mwezi wa Juni, ufuta wake ulipokwisha kuuzwa katika mnada wa ushirika, naye amepata fedha zake, alinijia jioni nyumbani. Katika desturi yetu sisi Wamwera, mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake, wala mpwa mwenye adabu hatumii fedha nyingi asipomwuliza. Basi akaniamkia, nikamwitikia, akaketi, akasema:

“Mjomba, baisikeli yangu ni ile ile kama ilivyotoka dukani. Fundi wa sokoni ameniandikia vitu vya kubadili: rimu za alumini mahali pa hizi za chuma, breki za waya mahali pa hizi za vyuma, gia nyingi za nyuma, kiti kipya, na pedeli nyepesi. Jumla yake yakaribia bei ya baisikeli nyingine. Je, yafaa?”

Nami nikamjibu pale pale nilipoketi, bila kuinuka: “Mwanangu, baisikeli hiyo imekuchukua miaka mitano. Walioiunda kiwandani walijua kazi yao. Ridhika na ulicho nacho, maana tamaa ya vitu vipya haina mwisho.”

Akainama, akasema, “Nimesikia, mjomba,” akaenda zake. Usiku ule nikalala usingizi mwema, nikijiona nimesema neno la hekima.

Januari iliyofuata mvua zilikuwa nyingi. Dada yangu, mama yake kijana huyu, alishikwa na homa, naye mwanawe akampakia nyuma ya baisikeli ili ampeleke zahanati. Njiani pana mteremko unaoshuka mpaka kijito. Walipoanza kushuka alifunga breki, lakini baisikeli haikushikwa; akafunga kwa nguvu zote, wala haikushikwa. Wakaanguka kando ya njia. Kijana alichubuka tu, bali mama yake alivunjika mkono penye kifundo.

Nilipofika kuwatazama, hakuna aliyenilaumu. Kijana hakunikumbusha maneno yangu ya Juni, na dada yangu alinipokea kwa salamu kama siku zote. Nikatoka nje, nikaiinamia baisikeli, nikaitazama kwa mara ya kwanza. Vile vipande vya mpira vinavyobana rimu vilikuwa vimelika hata chuma cha kushikia chaonekana. Bei ya vipande hivyo ni ndogo kuliko bei ya khanga moja. Kijana alikuwa ameuliza habari za vitu vingi, vingine vya maana na vingine vya pambo. Nami naliviweka vyote katika kapu moja, nikavikataa vyote kwa neno moja.

Tangu siku ile nimejiuliza: Je, neno nililosema lilikuwa kuridhika kweli? La. Sikuinuka kitini. Kuridhika ni kazi ya moyo uliokwisha kutazama, ukaona ya kuwa kitu chatosha. Uzembe ni kazi ya moyo usiotaka kutazama. Lakini vyote viwili hutumia maneno yale yale, na kwa sababu hiyo mtu aweza kujidanganya mwenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nalipita penye ufa, nikauita ukuta mzima.

Tena tusidhani ya kuwa kutengeneza kitu kipate kuwa bora kuliko kilivyotoka kwa muundaji ni kiburi. Kama watu wote wangaliridhika na baisikeli kama zilivyokuwa zamani, leo tungalipanda magurudumu ya mpira mgumu usio na hewa, yatikisayo mifupa. Mwaka 1887, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, alimwona mtoto wake akisumbuka na baisikeli yake ya magurudumu matatu juu ya njia mbaya. Akafanya mpira wenye hewa ndani yake, akayafunika magurudumu, na mwaka 1888 akapewa hati ya uvumbuzi wake. Alianza kwa kumtazama mtoto, na jinsi njia ilivyomtesa.

Lakini upande wa pili pana kosa lingine, nasi watu wa Nachingwea tulionyeshwa kosa hilo kwa ukubwa wa ajabu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkuu wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo, na hapa kwetu Nachingwea. Kabla ya hapo, mwaka 1946, wajumbe wakiongozwa na Bwana John Wakefield walizunguka nchi kwa muda wa wiki chache tu. Kisha mashine zikaletwa kwa wingi. Hata vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikaletwa mpaka Nachingwea. Lakini mizizi ya pori, ugumu wa udongo na uchache wa mvua havikuchunguzwa vya kutosha kwanza. Januari 1951 ikatangazwa ya kuwa mpango ule umeachwa, na hasara yake ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Wale hawakukosa bidii wala chuma. Walikitengeneza chombo kabla ya kuiuliza kazi.

Basi haya ndiyo makosa mawili: mmoja hatazami kwa sababu hataki kutoa fedha, na mwingine hatazami kwa sababu ana haraka ya kuzitoa. Baisikeli yaweza kutufundisha njia iliyo katikati. Nimejifunza kwa mafundi, na kwa kupima mwenyewe, nami naona yafaa kujiuliza maneno matatu.

Kwanza: Kitu hiki kimeharibika, au kimechakaa, au hakinipendezi tu? Watu wengi hutaka kununua kipya ilhali cha zamani chahitaji grisi na kukazwa. Kwa mfano, mnyororo. Kila pingili yake ni nusu inchi. Chukua rula, pima kutoka katikati ya msumari mmoja mpaka katikati ya msumari wa 25. Mnyororo mzima utaonyesha inchi 12 sawasawa. Ukionyesha inchi 12 na sehemu moja ya 16, wakati wa kuubadili umefika. Ukipita inchi 12 na sehemu moja ya 8, yaelekea meno ya magurudumu nayo yamekwisha kuliwa, nawe utanunua vitu viwili au vitatu mahali pa kimoja. Rula haina tamaa wala uchoyo, nayo humwonya mwenye choyo na mwenye tamaa pia.

Pili: Kitu hiki chapatana na kazi yangu na njia yangu? Watu wa mijini husifu vitu vyepesi. Haya, na tupige hesabu. Kijana ana kilo 65, baisikeli ya chuma ina kilo 20 hivi, na mzigo wa korosho ni kilo 80. Jumla yake ni kilo 165. Akinunua pedeli na kiti chepesi, akapunguza kilo moja nzima, amepunguza sehemu moja tu katika 165. Mlimani hataijua tofauti, bali mfukoni ataijua sana. Lakini tazama gia ya nyuma. Kama gia ya mbele ina meno 46 na ya nyuma 18, kila pedeli zikizunguka mara moja baisikeli yaenda karibu mita 5.7. Ukiweka ya nyuma yenye meno 22, yaenda karibu mita 4.7. Mahali pa tambarare utakwenda polepole kidogo, lakini penye mlima miguu itapata nafuu karibu sehemu moja katika tano. Hiki ni kitu kidogo cha bei ndogo, nacho chamfaa mchukua mizigo kuliko gia nyingi.

Tatu: Kitu hiki kitaita vitu gani vingine nyuma yake? Rimu za alumini ni njema. Zikilowa maji hushikwa na breki vizuri kuliko za chuma, na katika jambo hilo yule fundi wa sokoni hakusema uongo. Lakini breki za vyuma hubana rimu kwa upande wa ndani, unaoelekea katikati ya gurudumu, na breki za waya hubana ubavuni. Kwa hiyo rimu ikibadilika, breki nazo hubadilika. Huenda hata spoki zikawa za urefu mwingine, na tairi la kipimo kingine. Kisha siku spoki itakapokatika kijijini, je, iko dukani kwetu, au yatoka mbali? Yeye ajengaye mnara yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama yote, si gharama ya jiwe la kwanza tu.

Tena liko neno moja lililo juu ya hayo matatu: Ni nani aketiye nyuma yako? Kiti kibaya kinamwumiza mwenye baisikeli peke yake, naye aweza kuvumilia akipenda. Breki mbaya humwumiza mwingine, asiyeulizwa wala kushauriwa. Mtu ana ruhusa ya kuwa mvumilivu kwa mwili wake mwenyewe. Hana ruhusa ya kuwa mvumilivu kwa mkono wa mama yake. Hapo ndipo nilipokosa mimi. Nalimhubiri kijana habari za kuridhika, lakini mwenye kulipa deni la kuridhika kule alikuwa dada yangu.

Labda msomaji atasema, “Lakini maskini atapata wapi fedha za kubadili kila kitu?” Ni kweli. Na kwa sababu fedha ni chache, yatupasa kuzipanga kwa kufuata hatari, si kwa kufuata mng'ao. Kwanza kinachosimamisha baisikeli, kisha kinachoishika isivunjike, kisha kinachopunguza taabu ya miguu. Pambo na lingoje. Na mengine hayahitaji fedha hata kidogo. Siku za mvua, kabla ya kuanza kushuka mteremko, bana breki polepole mapema ili mpira uyafute maji katika chuma. Ukiona haishiki, shuka, uisukume kwa miguu, hata kama watu watakucheka. Mwenda pole hajikwai.

Baada ya kuanguka kwao nalikwenda sokoni pamoja na mpwa wangu. Nalikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, na fedha nalitoa mimi. Tukanunua vipande vipya vya mpira wa breki, mnyororo, na gia ya nyuma yenye meno 22. Fundi akazikaza breki, akatia grisi katika gololi, akaitia nguvu keria kwa chuma. Rimu za chuma tuliziacha. Kijana akaniuliza tena, “Na zile za alumini, mjomba?” Safari hii sikujibu upesi. Nikamwambia: “Ukianza kuchukua abiria kila siku kwa malipo, njoo tuhesabu upya, maana huenda zikawa wajibu wako. Kwa sasa, ikinyesha, usimpakie mtu mteremkoni.” Akakubali. Nami naona hilo lilikuwa jibu, kwa kuwa nalikuwa nimeinama na kutazama kabla ya kulitoa.

Siku hizi pikipiki zimejaa katika njia zetu, na wengine watafikiri ya kuwa maneno ya baisikeli yamepitwa na wakati. Lakini mwenye pikipiki naye huulizwa maneno yale yale, na mwenye nyumba, na mwenye shamba, na mzee wa kanisa aulizwaye kama paa litengenezwe au lisubiri. Basi, ndugu, mtu akija kwako akikuuliza, “Je, yafaa kubadili?” usimjibu kwa methali ukiwa umeketi. Inuka kwanza, uende naye, ukitazame kitu chenyewe. Ukikuta chatosha, mwambie aridhike, nawe utakuwa na haki ya kusema hivyo.

Mkono wa dada yangu umepona, lakini haukunyooka sawasawa. Wakati wa kupalilia hushika jembe kwa namna ya pekee, akiligeuza kidogo upande. Hasemi neno juu yake. Nami kila nimwonapo shambani hukumbuka jioni ile ya Juni.