Hiba na Dhima Yake

Katika maswali ambayo akili ya binadamu huyarejea kila zama pasipo kuyamaliza, limo hili: je, mtu aliyepewa kitu bila kutoa thamani yake amepokea pamoja nacho wajibu, au hiba ikishatoka mkononi mwa mtoaji huwa huru kabisa, na mpokeaji akaitumia apendavyo pasipo kuulizwa na yeyote? Swali hili ni la kale, lakini leo laweza kumkabili kijana yeyote wa Manundu, Korogwe, au wa Chanika, Handeni, anayekaa mbele ya luninga akiwa na bodi moja ya kompyuta isiyozidi upana wa kiganja, akikusudia kuifanya icheze filamu, kaswida, kwaya na mawaidha ya nyumba nzima.

Bodi yenyewe, iitwayo Raspberry Pi, ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 na watu wa Cambridge, Uingereza, ambao walitaka watoto wapate tena hamu ya kujifunza kuandika programu, na bei iliyoipa umaarufu ilikuwa dola 35 za Marekani. Programu itumiwayo sana ndani yake kwa kazi hii ni Kodi, iliyoanzia katika mashine ya michezo ya Xbox mwanzoni mwa karne hii, ikajulikana kwa jina la XBMC hata ilipobadilishwa jina mwaka 2014. Bodi hununuliwa dukani. Kodi hutolewa bure. Walioiandika, wengi wao kwa kujitolea, wameiachia dunia chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa, kwa sharti kwamba mwenye kuigawa asimnyime ampaye uhuru uleule alioupata yeye.

Kuiweka si kazi ya ulama. Mtu hupakua faili la mfumo, mathalani LibreELEC, ambao umeundwa ili kompyuta isiwe na shughuli nyingine ila kuiendesha Kodi. Hulipachika katika memori kadi kwa programu maalumu, kwa kuwa kulinakili hivihivi kama anakilivyo picha hakutoshi kuiwasha bodi. Kisha huitia kadi mahali pake, huunganisha waya wa HDMI na luninga, na mwisho huchomeka umeme. Akitumia chaja dhaifu ya simu ya zamani, alama ya radi ya manjano hutokea pembeni mwa kioo kumwonya kwamba umeme hautoshi. Mambo yakinyooka, na luninga ikiwa ya aina inayokubali, rimoti yake ileile huiongoza Kodi kupitia waya huohuo. Ndipo yanapotokea maandishi ambayo wengi huyapita haraka: programu humwarifu mwenyewe kwamba maktaba yake ni tupu, na humwelekeza aonyeshe mahali yalipo mafaili yake.

Naona katika utupu huo jambo kubwa la kimaadili. Watoaji wametoa chombo, wakajizuia kukijaza. Hawakumchagulia mpokeaji lililo jema wala hawakumzuilia lililo baya, bali wamemwachia hiari, na penye hiari ndipo taklifu inapoanza. Aliyelazimishwa hana sifa wala lawama. Aliyeachiwa mlango wazi ndiye atakayeulizwa alipitisha nini.

Waislamu wa mwambao na wa bara wanalo tangu kale umbo la hiba linalokaribiana na hili, nalo ni wakfu. Inasimuliwa kwamba Sayidina Uthman bin Affan alikinunua kisima cha Ruma huko Madina akakiweka kwa manufaa ya watu wote, asiwepo wa kuwauzia maji. Leseni ya GPL si wakfu kwa maana ya kisheria, maana yaruhusu hata kuuza nakala. Lakini maqasidi yake yanaelekea upande uleule, kwamba kilichofunguliwa kwa wote asitokee mmoja akakifunga kwa ajili yake. Wakristo nao wanasoma katika Injili ya Mathayo, mlango wa 10, kwamba wanafunzi waliagizwa wasitoze ujira kwa karama waliyoipata pasipo ujira.

Lakini hapa mwenye kufikiri atapinga. Atasema kwamba leseni humfunga anayeigawa programu, na haimwambii neno yule anayeitumia nyumbani kwake. Fauka ya hayo, mafakihi wenyewe husema kwamba hiba ikishakabidhiwa imekuwa milki ya aliyepewa. Hoja hiyo ni ya kweli, nami siikanushi. Ninalosema ni kwamba deni la hiba ya namna hii halidaiwi na mtoaji. Watu wa Handeni, ambao wameijua taabu ya maji kwa miaka mingi, na ambao bomba lao kuu huyavuta kutoka mto Pangani upande wa Korogwe, hawahitaji kufundishwa haya: achotaye hutazamwa na aliye nyuma yake katika foleni, mwenye ndoo tupu, na huyo ndiye mwenye haki juu yake, ingawa hakuchimba mtaro wala hakulaza bomba.

Mizani hii ndiyo inayotuwezesha kuyapima yale yatiwayo katika maktaba. Katika miji yetu mingi, karibu na stendi, yapo maduka ambayo mtu huingia na flashi akatoka nayo imejaa nyimbo na muvi kwa bei isiyofikia soda chache, na mwenye kuzipata huzihamishia nyumbani bila wasiwasi. Utetezi wake unafahamika: yeye ni maskini, na msanii aliye Dar es Salaam hakupungukiwa na kitu. Umaskini ni udhuru unaostahili kusikilizwa, lakini haufiki umbali huo. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa na sheria ya dini, na haijuzu kuzivamia. Sheria ya Tanzania ya hakimiliki ya mwaka 1999 yasema vivyo kwa lugha ya dola. Na amri ya kutoiba haikubagua mali ishikikayo na isiyoshikika. Aliyekirimiwa chombo na watu asiowajua, kisha akakitumia kumdhulumu mtunzi asiyemjua, amebadili ihsani kuwa dhuluma.

Wako kwa upande wa pili wanaotaka chombo chenyewe kiharimishwe. Hao nao wamevuka mpaka, kwa kuwa wenzo huhukumiwa kwa kusudi lake. Hata mahakama za kidunia zimeifuata njia hiyo: tarehe 26 Aprili 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotoka Uholanzi, haikulaani visanduku vya kuchezea filamu kwa kuwa ni visanduku, bali iliifasiri sheria kwamba kuviuza vikiwa vimetiwa kwa makusudi viungo vya kuwafikisha watu kwenye filamu zilizowekwa bila idhini, na kuvinadi kwa sifa hiyo, ni kuzifikisha filamu hizo kwa umma, jambo linalohitaji idhini ya wenyewe.

Basi jibu langu ni kwamba hiba haimfungi mpokeaji kwa mtoaji. Humfunga kwa yule atakayefuata. Kijana wa Chanika awezaye kumwekea jirani yake Kodi na atoze ujira wa jasho na muda wake, maana kazi ni kazi; lakini amweleze wazi kwamba programu yenyewe haina bei, amfundishe kuiweka ili kesho asimhitaji, na maktaba aiache tupu, au aijaze kwa yaliyo na idhini: mawaidha ya shehe aliyeridhia kurekodiwa, kwaya ya mtaa iliyotoa ruhusa, masimulizi ya wazee wa Kizigua yaliyochukuliwa kwa ridhaa yao. Akiyaficha hayo ili mteja adhani amenunua kitu kinachouzwa, atakuwa amekula thamani ya jasho la watu wengine, nayo leseni ikimsamehe, dhamiri haitamsamehe.