Sitara na Maficho

Waswahili husema: mficha uchi hazai. Methali hii humruhusu mwanamke kuivua haya saa ya uzazi, ili mwana apate kuja duniani. Lakini haisemi lolote juu ya yule aliyezaa, kisha kwa sababu ya kule kuzaa ikamlazimu ajifiche maisha yake yote.

Namkusudia mwanamke asiyeweza kuuzuia mkojo. Lugha yetu, yenye utajiri wa maneno ya mapenzi na ya bahari, haina jina la staha la kumwita. Inalo "kikojozi", nalo ni neno la kumzomea mtoto. Mfasiri atafutaye jingine hujikuta anaandika sentensi nzima. Penye upungufu wa jina, dhihaka hupata pa kukaa.

Hali yenyewe ina sura nyingi. Wako ambao misuli ya nyonga imelegea kwa uzazi au kwa umri. Mmoja wao akikohoa, akicheka au akijitwika ndoo, mkojo humtoka. Wako wenye fistula, iitwayo pia nasuri: uchungu wa kuzaa ulichukua siku mbili tatu bila msaada, kichwa cha mtoto kikaibana nyama iliyo kati ya kibofu na uke hata ikakosa damu, ikafa, ikaacha tundu. Mara nyingi mtoto naye hufa.

Tutazame bara, kandokando ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Musoma, Bunda na Butiama, ambako mteka maji ni mwanamke. Mwenye maradhi haya hujipangia maisha: vipande vya kitenge kilichochakaa, kanga ya pili juu ya ya kwanza, mahali pa pembeni msibani, kufua kabla ya mapambazuko. Na hunywa maji kidogo. Huyateka, huyabeba kichwani, huwanywesha wote nyumbani, naye huogopa kuyanywa. Hila hiyo humgeukia, kwani mkojo wa mwili wenye kiu huwa mkali. Hunuka zaidi na huichoma ngozi.

Je, kujificha huku ni fadhila? Wapo watakaosema kuwa ni haya, na haya ni pambo la mtu. Nakubali nusu. Mwili wa mtu ni siri yake, wala hana deni la kuusimulia barazani. Lakini sitara ni nguo aivaayo mtu mwenyewe. Maficho ni chumba alimofungiwa na wengine.

Na mlango wa chumba hicho hufunguka. Misuli iliyolegea huweza kuimarishwa kwa mazoezi, na fistula nyingi huzibwa kwa upasuaji. Hospitali ya Bugando iliyopo Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, hufanya kazi hiyo. CCBRT ya Dar es Salaam huifanya bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa. Lakini nauli haimfikii asiyejua kwamba alicho nacho ni ugonjwa, si laana wala adhabu.

Basi tusimtake yeye aseme. Kunyamaza kwake ni haki yake. Kunyamaza kwetu ni dhuluma. Sisi tusioumwa ndio wa kuutaja ugonjwa huu kwa sauti ya kawaida, shuleni, kliniki na katika mashairi yetu, ili yeye asilazimike kujianika ndipo asaidiwe. Methali ilimwondolea haya siku moja, siku ya kuzaa. Sisi tuliozaliwa tunadaiwa siku zilizobaki.