Kupanga Miji kwa Ukweli

Kampuni za ushauri wa biashara kama McKinsey na BCG huwataka waombaji kazi wapange ofisi wanazozipendelea. Mwenzetu wa Kampala anaitamani Nairobi, safari ya usiku mmoja tu kwa basi kutoka kwa wazazi wake, lakini anaandika Dubai kwanza akidhani huko nafasi ni nyingi. Je, amesema uongo?

Naona tutofautishe. Kupima nafasi si dhambi. Ni kuchukua sababu, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Kama wazazi wameridhia na yuko tayari kwenda Dubai akiitwa, hilo ni chaguo lake la kweli. Uongo huanza anapoandika kwamba ameipenda Dubai tangu utotoni, au anapojua moyoni kuwa akiitwa atakataa. Hapo amemzibia mwenzake nafasi.

Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za Misri, alitaja sifa alizokuwa nazo kweli: uaminifu na ujuzi.

Basi kabla ya kutuma fomu jiulize: nikipewa mji niliouweka wa kwanza, nitasema alhamdulillah kwa moyo mmoja? Kama sivyo, swali istikhara, upange upya.