Mbwa Aliyeogopa Jina Lake

Mbwa wangu anaitwa Mtanijua. Jina hilo sikumpa mimi. Alipewa na bwana mmoja wa huku kwetu Kihonda, Morogoro, aliyekuwa na ugomvi wa mpaka na majirani zake, naye kama wengi wetu akaona yale asiyoweza kuwaambia usoni ayapitishe kwa mbwa. Alipohama aliniachia mnyama wa miaka miwili, mnyororo, na sufuria iliyotoboka. Nikarithi ugomvi usionihusu: kila nikisimama langoni na kupaza sauti "Mtanijua!", wapita njia wanageuka kunitazama.

Asiyegeuka alikuwa mbwa mwenyewe.

Nikimwita, masikio yalilala, mkia ukaingia katikati ya miguu, akarudi nyuma mpaka mnyororo umzuie. Usiku nikimfungua alilinda vizuri tu. Kasheshe ilikuwa alfajiri, kumrudisha kwenye mnyororo. Nyumba nzima tulitoka: mimi na fimbo, mwanangu na ndoo, mke wangu kaziba lango. Tukishamkamata nilimchapa mbili tatu kwa kutuchelewesha, nikajiona namfundisha adabu.

Na kweli nilikuwa namfundisha. Mbwa hawezi kuihusisha fimbo ya sasa hivi na ukaidi wa dakika kumi zilizopita. Anaihusisha na jambo la punde tu, na jambo la punde lilikuwa kwamba yumo mikononi mwangu. Kila alfajiri nilimpa somo lile lile, naye akalishika barabara: ukimfikia mtu huyu, unaumia.

Walionifumbua macho ni panya. Watu wa Morogoro hawatashangaa. Pale chuo kikuu cha SUA lipo shirika la APOPO, liko mjini kwetu tangu mwaka 2000, linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na pia makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Siku niliyompeleka mgeni kuwatazama, nilitafuta fimbo ya mwalimu sikuiona. Ana kidude kinacholia "tik", na ana ndizi. Panya akiipata harufu inayotakiwa anasikia tik, halafu anakula. Asipoipata, hali. Hakuna anayemfokea. Mwanzoni mlio ule si chochote kwake, lakini ukifuatwa na chakula mara nyingi vya kutosha, unageuka ahadi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa hapa, akaenda Kambodia, akafichua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu. Nilirudi nyumbani kichwa chini. Panya katoka Morogoro mpaka Kambodia bila kuchapwa, na mimi mbwa wangu hawezi kutoka mchongomani kuja barazani.

Nikanunua dagaa wa mia tano.

Wiki ya kwanza sikumfundisha chochote. Nilikaa kwenye kigoda, mbali kidogo na mwisho wa mnyororo, nikampa ubavu badala ya kumkazia macho, kwa sababu mbwa mwoga akikodolewa anaona ni vita. Nikalitaja jina lake kwa sauti ya chini, nikamrushia dagaa mmoja. Jina, dagaa. Dakika tano, naondoka. Siku za mwanzo alingoja niondoke ndipo ale. Baadaye akala nikiwapo. Kisha jioni moja nilipolitaja jina, masikio yakasimama. Nawaambieni, sijawahi kufurahia masikio ya kiumbe yeyote kama siku ile.

(Hapa niungame. Nilianza kumwambia "Kamu!" na "Siti!", kwa kuwa nchi hii mbwa wote tunawasemesha Kiingereza, hata sisi tunaokitafuta kwa tochi. Mke wangu akaniuliza mbwa huyo amesoma wapi. Tangu hapo ni "Njoo" na "Kaa", na anaelewa.)

Kumfanya aje haikuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kumwachia tena. Kama kila wito unaishia kwenye mnyororo, dagaa ni chambo tu, na mbwa si mjinga, anakijua chambo. Ikabidi nimwite mara kumi kwa siku, nimpe chake, nimkune nyuma ya sikio, nimwambie nenda. Mara moja tu kati ya hizo kumi ndiyo ya kumfunga. Iliniumiza roho. Nimekulia kwenye imani kwamba ukishamshika mtu usimwachie.

Jirani yangu, mzee wa msikitini ambaye mate ya mbwa hayasogelei kabisa, alikuwa akinitazama juu ya ua. Nilitegemea anitupie ile methali ya kucheza na mbwa ukaingia naye msikitini. Badala yake alinikumbusha kwamba Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida, inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Aliyefunzwa, akarudia, kisha akaongeza kuwa nisimlete upande wake.

Mwezi wa tatu bwana mifugo alipita na chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwaka uliotangulia alishindwa kabisa, akaondoka suruali imechanika, na mbwa asiyeshikika hachanjiki, hata kama dawa ipo mlangoni. Safari hii nilimwita. Akaja, akakaa, akaegemeza shingo kwenye goti langu, sindano ikaingia. Alinitazama mara moja tu, kama anayeuliza, nami nikampa dagaa watatu.

Jioni hiyo nilitaka mwanangu aone. Nikamwita kutoka uani, kwa jina lake lote, kwa sauti ile ninayomwitia siku zote. Alitoka ndani polepole, akasimama hatua tatu kutoka nilipokaa, mikono nyuma.

"Nimefanya nini, baba?"