Kipande cha Baba Yake Shosho

Mkulima aliyezaliwa Bretagne mwaka wa 1750 anaweza kupatikana leo na kitukuu wake kwa simu, bila kulipa senti. Mfalme wa Ufaransa aliwaamuru mapadri kuandika ubatizo tangu 1539. Mwaka wa 1792 kazi hiyo ikapewa serikali, na siku hizi hifadhi za nyaraka za mikoa zimepiga picha madaftari hayo na kuyaweka kwenye intaneti bure. Nilipoyaona mara ya kwanza, bando likielekea kuisha, wivu ulinishika. Hapa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, karibu kila mtu alitoka kwingine akifuata kazi ya maua. Ukoo tunaubeba mdomoni na kwenye majina tunayorithishana.

Wivu ulipungua nilipofika kwenye nyaraka za Réunion. Kisiwa hicho kiko Bahari ya Hindi lakini kiutawala ni mkoa wa Ufaransa, kwa hivyo kina hifadhi yake kama Bretagne. Na mle ndani wamo watu wa huku kwetu. Mwaka wa 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Biashara hiyo iliwapeleka watu Mauritius na Réunion. Mtumwa aliandikwa kwa jina moja alilopewa na bwana wake, umri wa kukisia, bei, na mara nyingi neno "Mozambique" tu, hata kama alitolewa Kilwa au bara huko kwa Wayao. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848, watu zaidi ya 60,000 waliachwa huru, na makarani wakawagawia majina ya ukoo. Kitukuu anayetafuta leo anafika kwenye jina lililobuniwa na karani, na hapo njia inaanza kupotea.

Sasa niulize: kumpata mtu kwenye daftari la aliyemnunua, ni kumpata kweli?

Sisi pia tuna daftari letu la aina hiyo. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanaume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kutembea na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukiacha kazi bila sahihi ya mzungu, unakamatwa. (Na mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande, wala hatushtuki.) Baba yake shosho alifanya kazi kwenye shamba la mzungu upande wa Gilgil. Siku moja alikitupa kipande chake chooni. Nilipomwambia shosho nataka kutafuta kama kuna nakala mahali, aliniangalia sana, kisha akasema, "Alikitupa akiwa na akili zake timamu. Wewe mjukuu wangu unakitoa huko ukipeleke wapi?"

Ningeweza kumjibu kwamba alitupa mnyororo, hakutupa kumbukumbu. Lakini hayo ni maneno yangu, na ni rahisi kumsemea mtu aliyekufa. Labda alitaka kweli asipatikane. Wazazi wa Bretagne walimbeba mtoto wao wenyewe hadi kanisani. Yeye alishikwa kidole kikabonyezwa kwenye wino.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba nyaraka kama hizo zifungiwe. Mwaka wa 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa na kesi yao London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni huko Hanslope Park. Mengine yalikuwa yamechomwa kabla bendera haijashushwa. Karatasi zilizoandikwa kuendesha kambi za kizuizini zikageuka ushahidi dhidi ya walioziandika, na 2013 serikali hiyo ikakubali kuwalipa watu 5,228. Siku hizi mafaili hayo yako Kew, na njia ya kawaida ya kuyasoma ni kwenda London. Hebu fikiria nauli.

Kwa hivyo naona hapa kuna haki mbili, na watu huzichanganya. Serikali haina haki ya kumficha baba yake shosho. Ifungue, bure, kama Wafaransa. Lakini familia ina haki ya kukataa kutazama, na hapo mwenye neno kubwa ni shosho, si mimi mwenye simu. Nikija kuitazama siku moja, nitaisoma kama maelezo ya mwajiri kuhusu mwajiri. Mshahara ule unanionyesha mzungu alikuwa mtu wa aina gani. Babu yangu haumsemi.

Jirani yangu hubonyeza kidole kwenye mashine ya kampuni kila asubuhi kabla ya kuanza kukata maua. Vitukuu wake wakimtafuta watapata namba, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Nilipomwambia hivyo alicheka, akauliza kama watapata pia ovataimu ambayo hajalipwa.

Shosho bado hajakubali. Ila juzi aliniambia jina ambalo wenzake wa malishoni walimwita baba yake, jina ambalo hakumpa karani yeyote. Amesema nisiliandike.