Utumishi wa Mwanafunzi

Wako wazee waonao haya mtoto wao kupelekwa skuli ya bweni, kisha akaambiwa afagie, aoshe sahani na kulisha ng'ombe. Husema: ada imelipwa, je, mtoto amepelekwa kusoma au kutumika? Swali hili si la kubezwa, kwani dhulma ya namna hiyo ipo. Watu wa pwani waijua khabari ya mwana wa chuoni achotaye maji na kukata kuni za nyumba ya mwalimu hata jua likachwa, na juzuu yake ingali pale pale.

Lakini si kila kazi ni dhulma. Katika nchi ya mashamba ya Iowa, Marekani, karibu na mji mdogo wa West Branch, Wakristo wa madhehebu ya Marafiki walifungua skuli ndogo ya bweni mwaka 1890, iitwayo Scattergood. Ilifungwa mwaka 1931. Kisha tangu 1939 hata 1943 majumba yake yakawa makimbilio ya watu zaidi ya 180 waliowakimbia Manazi huko Ulaya, aghlabu yao Mayahudi. Miongoni mwao walikuwamo wanasheria na wenye ilimu kubwa, ambao huenda wengine hawakuwahi kushika ufagio. Wenyeji na wageni wakagawana zamu za kupika, kufua na kuosha vyombo. Mwaka 1944 skuli ilifunguliwa tena, na wanafunzi wakawa wakisoma huku wakishika zamu za jikoni na za shamba, pamoja na walimu wao.

Basi atakaye kupambanua na aulize mambo mawili: sahani aioshayo mtoto ni ya nani, na zamu ya mwalimu ni siku gani? Mwaka wa 5 wa Hijra, lilipochimbwa handaki la Madina, Mtume s.a.w. hakusimama kando akiwahimiza masahaba; alibeba mchanga mwenyewe hata vumbi likamfunika tumbo.

Lakini dhulma haitoki kwa mwalimu peke yake. Huja baba mwenye mali akamwombea mwanawe asamehewe zamu, kwa kuwa ada ameitoa kamili. Mwalimu naye, kwa kuona haya au kwa kuogopa kupungukiwa, hukubali. Sahani hazijioshi; jioni ile huziosha mtoto wa maskini akaaye naye dawati moja.